Hewa ya Kumi na Nne

Mshumaa ulikuwa umewekwa juu ya boneti ya gari lake, nao ulikuwa unawaka.

Wanda Pluta alisimama hatua tatu kabla ya kuufikia, funguo mkononi. Ulikuwa mshumaa wa makaburini, ule wa ndani ya kioo chekundu wenye kifuniko cha bati, ambao watu wa mji wa Lipowa huwawashia marehemu wao kila Novemba. Kwenye kioo palibandikwa kikaratasi kilichopigwa chapa: WANDA PLUTA. Chini yake mwaka wake wa kuzaliwa, sahihi kabisa. Kisha kistari. Baada ya kistari, patupu.

Maegesho ya mgodi wa Otylia yalijaa magari, wala hapakuwa na mtu. Zamu ya asubuhi ilikwisha kushuka. Wanda aligeuza shingo polepole, akatazama nyuma ya kila gari kadiri macho yalivyofika. Ndipo akafanya alichokizoea kwa miaka kumi na sita aliyokuwa polisi wa Katowice: alipiga picha, akavaa glavu, akauzima mshumaa, akapima kwa ukucha nta iliyokwisha kuyeyuka. Ilikuwa kidogo mno. Dakika tano, sita hivi. Gari alikuwa ameliacha kwa robo saa tu, alipokwenda langoni kuchukua kibali. Na maegesho haya yalikuwa ndani ya uzio. Hapiti mtu asiye na kadi ya Kampuni ya migodi.

Kwa hiyo ni mtu wa ndani, na alikuwa amemwona akiingia. Pengine alikuwa bado anamwona.

Aliutia mshumaa kwenye mfuko wa plastiki. Akaufunga, akaandika saa juu yake.

Mwaka wa tatu sasa alikuwa Idara ya Uadilifu ya Kampuni, kazi ambayo wachimbaji waliiita "kunusa soksi za wenzio". Alikuwa ameendesha mafunzo, amebandika mabango, ameanzisha daftari ambamo kila mfanyakazi aliyepewa zawadi na mgavi wa vifaa alipaswa kuiandika. Yote hayo yalikuwa ya kuziba ufa. Wiki iliyopita ilifika barua isiyo na jina, mstari mmoja tu: *Vipima-gesi vya sehemu ya kumi na nne havinusi tena, njooni kabla hatujafa.* Bosi wake aliisoma, akaulizia ni nani anayevipima, akaambiwa ni fundi mmoja aitwaye Hanke ambaye majuzi ameonekana na gari jipya. "Basi ndiye huyo," bosi akasema. "Mbane, tufunge jalada kabla ya sikukuu ya wachimbaji, ya Mtakatifu Barbara."

Wanda alivuta begi lake kutoka kiti cha nyuma, akaenda kumbana Hanke.

Karakana ya vipima-gesi ilikuwa chumba kirefu chini ya jengo la ofisi, chenye harufu ya risasi ya kuchomelea na kahawa ya jana. Emil Hanke alikuwa ameketi nyuma ya meza, mtu mrefu wa miaka hamsini na minane mwenye masharubu ya rangi ya chai.

"Mungu akujalie," alisema Wanda. Ndiyo salamu ya wachimbaji.

"Akujalie nawe." Hanke hakuinuka. "Kaa, bibie. Maji ya chai yapo, ila birika lichukue mwenyewe, liko hapo chini."

Wanda aliinama, akalichukua, akalitua mezani. Lilikuwa birika dogo la lita moja. Akafungua nakala ya daftari la vipimo.

"Sheria ya mgodi inasema kila kipima-gesi kipandishwe juu mara moja kwa mwezi, kipuliziwe gesi ya majaribio, kikinusa sawasawa kibandikwe lakiri yenye tarehe, kirudishwe chini. Ni kweli?"

"Ni kweli."

"Tarehe sita Novemba. Vipima-gesi kumi na vinane vya sehemu ya kumi na nne vimepimwa vyote. Halafu hapa pameandikwa E.H. Sahihi yako?"

"Herufi ni zangu."

"Sikukuuliza herufi. Nimekuuliza mkono."

Hanke alisugua masharubu. "Andika unavyotaka. Mmekwisha kunihukumu huko makao makuu Katowice, si ndiyo? Kwa ajili ya gari."

"Gari ni la nani?"

"La mkwe wangu. Yuko Ujerumani, kule anakoishi hana pa kuliegesha. Kadi ipo nyumbani, njoo uione. Mnapenda sana kuhesabu magari ya mafundi ninyi. Magari ya wakubwa hayahesabiki?"

"Simama, mzee Hanke."

"Ya nini tena?"

"Unipe mkono tu. Katika Lipowa nzima sijaona mwanamume anayempokea mgeni akiwa ameketi. Wewe tangu niingie hujasimama, na birika la lita moja umeniachia mimi."

Hanke alimtazama. Kisha akajiinua taratibu, mkono mmoja ukishika ukingo wa meza, mwingine ukikandamiza chini ya kitovu. Jasho lilimtoka juu ya mdomo.

"Walikupasua lini?"

"Tarehe nne. Ngiri. Wameniruhusu tarehe kumi na moja."

"Kwa hiyo tarehe sita, siku uliyopima vipima-gesi kumi na vinane, ulikuwa hospitali."

"Nilikuwa na mpira wa mkojo, bibie, kama unataka ukweli wote."

"Kwa nini hukusema? Karatasi moja tu ya daktari ingekusafisha."

Hanke alivuta droo. Ndani yake, kati ya bisibisi na nyaya, ulikuwa umelala mshumaa mwekundu wa makaburini. Kikaratasi kilikuwa kile kile, chapa ile ile. EMIL HANKE, mwaka, kistari.

"Niliukuta ndani ya kabati langu," alisema. "Kabati lililofungwa. Nimebakiza miezi mitano nistaafu. Nina wajukuu wawili. Utaniambia nini wewe?"

Wanda aliifunga droo. Akauliza swali alilokuwa nalo: "Ukiwa hupo, daftari hili linakaa kwa nani?"

Hanke aliinua macho, akatazama dari. Huko juu kulikuwa na mtu anatembea. Hatua zilikwenda mpaka juu ya vichwa vyao, zikasimama pale pale, wala hazikuendelea. Wakakaa hivyo wote wawili, hawapumui, kama watoto waliojificha uvunguni.

Baada ya muda hatua ziliondoka.

"Sijasema kitu," alinong'ona Hanke. "Umenisikia nikisema kitu?"

"Sijasikia," alisema Wanda.

Kwenye ubao wa korido alikwisha kuuona mpangilio wa vyumba. Ofisi iliyokuwa juu ya karakana ilikuwa ya mhandisi Alojzy Brzoza, mkuu wa hewa, aliyesimamia upepo na gesi chini ya ardhi.

Wanda alimkumbuka vizuri. Kwenye mafunzo ya mwaka jana alikaa kiti cha mbele, tai imenyooka, akiandika kila neno. Mwishoni alimshika mkono na kumwambia kwamba rushwa ni kama gesi, haionekani mpaka ilipuke. Maneno hayo yalimpendeza Wanda hata akayatumia kwenye mafunzo mengine.

Lakini kumshuku mtu si kumkamata. Mikono ilikuwa mingi iliyoweza kulifikia daftari lile. Akaenda chumba cha taa.

Kila ashukaye Otylia huchukua taa yenye namba yake, na kila taa ikitoka au kurudi huandikwa. Aliyezitunza alikuwa Bronia Sikora, mwanamke mnene wa miaka sitini aliyekuwa anakula mkate wa mafuta ya nguruwe na tango la chumvi, bila kuacha kufanya kazi.

"Yule mnusa soksi," alisema. "Karibu, binti. Za kwangu nimefua."

"Nionyeshe waliotoka na taa kwenda kumi na nne tarehe sita."

Bronia alifuta vidole kwa aproni, akafungua kitabu. "Wachimbaji. Mafundi wa mkanda. Nyapara Ginter. Basi."

"Hakuna aliyekwenda kuvileta juu vipima-gesi?"

"Vipima-gesi kumi na vinane ni mzigo wa watu watatu. Ningewaona, wangenipita hapa wakinitukana."

"Na mwezi wa kumi? Wa tisa?"

Bronia alifunua kurasa, midomo ikimchezacheza. Alipofika Februari, akaacha kutafuna.

"Hakuna," alisema.

Vilikuwa vinaning'inia kule chini tangu Februari. Na mashine zilikata makaa chini yake kila siku.

"Mama Bronia, taa ya mhandisi Brzoza ni ipi?"

"Namba saba. Ile pale." Alionyesha kwa tango. Taa ilikuwa mahali pake, na juu ya kioo chake palikuwa na vumbi la kuandikia jina. "Zamani alishuka kila Jumanne, hakosi. Siku hizi ana karatasi nyingi, anasema. Mara ya mwisho..." Akarudi kwenye kitabu. "Ishirini na sita Februari."

Wanda aliandika hiyo tarehe. Mkuu wa hewa ya chini alikuwa hajaivuta hewa hiyo kwa miezi tisa. Aliacha kushuka mwezi ule ule vipima-gesi vilipoacha kupimwa. Mtu mvivu hukosa siku moja moja. Asiyeshuka hata mara moja anaogopa, na anajua anachokiogopa.

"Nasikia unataka kushuka, Bi Wanda."

Brzoza alikuwa amesimama mlangoni. Tai ilikuwa imenyooka, tabasamu lipo. Hawakumsikia akija.

"Nataka kuiona kumi na nne," alisema Wanda.

"Ungenipigia simu. Leo si siku nzuri, kuna ukaguzi wa kamba za kizimba cha kushukia. Kesho nitakupa mtu mzuri wa kukuongoza."

"Kizimba kinafanya kazi, nimewaona watu wakishuka sasa hivi. Halafu kanuni ya thelathini na moja inasema mgeni wa sehemu yenye gesi aongozwe na mkuu wa hewa mwenyewe."

"Kanuni hiyo haifuatwi siku hizi."

"Mimi kazi yangu ni kufuata zisizofuatwa, mhandisi."

Bronia tayari alikuwa ameshusha namba saba kutoka kwenye rafu. Aliipangusa vumbi kwa aproni, akainyoosha mbele ya Brzoza, akangoja. Nyuma yake mafundi wawili waliokuwa wanasubiri taa zao waligeuka kutazama. Brzoza aliichukua. Wanda aliona jinsi vidole vyake vilivyotafuta kitufe mara mbili bila kukipata.

Kabla ya kuvaa helmeti, Wanda alitoa kwenye begi kipima-gesi kidogo cha mkononi, akakiwasha. Alikuwa amekiazima jana kwenye kituo cha waokoaji wa migodini, kikapimwa mbele ya macho yake. Brzoza alikitazama, akatazama pembeni.

Kizimba kiliwashusha mita mia nane kwa muda wa sala moja fupi. Masikio yaliziba. Kule chini walipanda kigari cha reli, kisha wakatembea. Kadiri walivyokwenda joto lilizidi, na mngurumo wa mashine ya kukata makaa ukaanza kusikika miguuni kabla ya masikioni.

Wanda alikuwa ameshuka mgodini mara mbili tu maishani, safari za wageni, na picha. Sasa kila nguzo iliyolia ilimshtua. Alishika ukanda wake mahali liliponing'inia kopo la kuokolea pumzi, lile la kuvutia hewa gesi ikizidi, akaushika hivyo hivyo muda wote.

Walifika njia panda. Hapo hewa safi iliingia kwa nguvu, na ukutani palikuwa na simu ya mgodi na kitufe kikubwa chekundu cha kuzima umeme wa sehemu nzima. Mbele yao lilifunguka handaki la kumi na nne, mita mia mbili mpaka penye mashine.

"Mimi nitabaki hapa kwenye simu," alisema Brzoza. "Wewe nenda mbele, umwone nyapara."

"Twende pamoja mpaka kwenye kipima-gesi cha kwanza. Ni hatua kumi na tano."

Alikwenda. Alitembea ubavu ubavu, bega likikwaruza ukuta. Kipima-gesi cha kwanza kilining'inia darini, kisanduku cha njano kilichogeuka cheusi, na namba zake nyekundu zilisoma asilimia sifuri nukta nne ya gesi. Wanda alipanda juu ya gogo, akaisugua lakiri kwa kidole gumba mpaka tarehe ikaonekana. Ishirini Februari. Kitabuni iliandikwa sita Novemba.

Kisha akainua cha kwake kando ya kile. Moja nukta moja.

Akakitazama tena, akidhani amekosea nukta. Moja nukta tatu.

Aliyajua mahesabu, kila mtu wa Kampuni aliyajua. Ikifika mbili, kipima-gesi chenye afya hukata umeme chenyewe. Ikifika tano, cheche moja yatosha.

Taa ilikuja ikiyumba kutoka gizani. Alikuwa Ginter Wosz, nyapara wa zamu, mtu mfupi mpana, uso mweusi kwa vumbi, meno tu yanaonekana.

"Nani kaleta wageni bila kuniambia?" alipaza sauti juu ya mngurumo. Akamwona Brzoza. "Eh! Mhandisi! Nilidhani umekufa, tukachelewa mazishi."

"Bwana Ginter, zima mashine," alisema Wanda. "Hiki changu kinasoma moja nukta sita."

"Na cha darini kinasoma sifuri nukta nne. Mama, hicho kidude chako umekinunua wapi, sokoni?"

"Kwa waokoaji. Cha darini hakijapimwa tangu Februari. Panda uone mwenyewe."

"Nikizima kwa neno la mtu wa ofisini, kesho natafuta kazi. Nina amri ya kufuata cha darini. Na mwaka huu hakijatusimamisha hata mara moja, waulize watu wangu." Lakini alikuwa ameanza kukitazama kile cha mkononi kwa jicho la pembeni. "Mwaka jana kilitusimamisha kila wiki," aliongeza, polepole zaidi.

Moja nukta nane.

Mwili wote wa Wanda ulitaka kukimbilia kwenye hewa safi, nao watu kama arobaini walikuwa wanafanya kazi mbele yake. Barua ya Mkurugenzi Mkuu iliyokuwa mfukoni ilimruhusu kuuliza swali lolote kwa mtu yeyote. Haikumruhusu kuzima hata balbu.

Basi akauliza.

"Mhandisi Brzoza. Wewe ndiye mkuu wa hewa. Hapa pana vipima-gesi viwili, kimoja kinasema tuko salama, kingine kinasema tunakaribia kufa. Kipi kinasema kweli?"

"Vya... vya mkononi huwa vina hitilafu."

"Kwa hiyo cha darini ni kizima."

"Kimepimwa. Kipo kitabuni."

"Vizuri. Basi tangulia, tutakufuata. Mita hamsini tu, mpaka kile kingine pale."

Brzoza hakusogea. Ginter alimmulika usoni. Chini ya mwanga ule wote wawili waliona: mhandisi alikuwa amelifungua kopo lake la kuokolea pumzi, kifuniko kimetoka, na alikuwa amelikumbatia kifuani kwa mikono miwili.

"Tangulia, mhandisi," alisema Ginter. Utani ulikuwa umemwisha.

"Siendi."

"Mita hamsini."

"Huko siendi!" Ilikuwa sauti ya mtu anayezama. "Ginter, kwa jina la Mungu, huko siendi, usinipeleke!"

Nyapara alimtazama kwa muda wa pumzi moja. Halafu akageuka, akakimbia zile hatua kumi na tano mpaka njia panda, akapiga kitufe chekundu kwa ngumi.

Mngurumo ulikufa. Mkanda wa makaa ulijikokota, ukasimama. Na katika ukimya ule Wanda akasikia kitu ambacho mashine ilikuwa imekifunika muda wote: ukuta wa makaa ulikuwa unachacharika, kwa sauti ndogo, kama mafuta kikaangoni mbali. Gesi ilikuwa inatoka.

"Tokeni!" alinguruma Ginter gizani. "Wote nje! Msiguse kitu, acheni zana! Tokeni!"

Taa zilianza kuja. Watu walipita mmoja mmoja, upesi bila kukimbia, hakuna aliyesema. Ginter aliwahesabu kwa kuwagusa bega. Wanda alirudi nyuma hadi njia panda akimvuta Brzoza kwa mkono wa koti, na kabla ya kuondoka mahali pale alitupa jicho la mwisho kwenye kioo cha kipima-gesi chake. Mbili nukta tatu. Darini, namba nyekundu zilikuwa bado zinasoma sifuri nukta nne.

Ginter alipomgusa mtu wa arobaini na moja, ambaye ndiye aliyekuwa wa mwisho, aliketi kwenye reli. "Miezi tisa," alisema. "Kimya cha kipima-gesi kilitufurahisha, mama. Nani angeuliza? Bonasi ilikuwa inakuja." Akafunika uso kwa mikono.

Brzoza alikuwa ameegemea ukuta chini ya simu. Tai ilikuwa imempinda nyuma ya shingo.

"Ilianza na kapu la Krismasi la wagavi wa vipima-gesi," alisema bila kuulizwa. "Sikuliandika kwenye daftari lako. Ni kapu tu, nikasema. Halafu wakampa mwanangu kazi. Halafu macho ya mke wangu, wakamlipia daktari wa Prague. Wakati mkataba wa kuvipima ulipowaangukia, hawakunipa kitu tena, hawakuhitaji. Walisema tu mafundi wao watachelewa mwezi mmoja, nitie sahihi. Mwezi mmoja."

"Na herufi za Hanke?"

"Kanuni inataka sahihi mbili, yangu na ya fundi wa karakana. Yake niliiandika mimi, kila mwezi." Akacheka kicheko kibovu. "Kanuni yako."

"Na mshumaa?"

Aliinua kichwa. Kwa mara ya kwanza siku hiyo alimtazama usoni, na Wanda aliona kwamba hakuwa anadanganya.

"Wamekuwekea na wewe? Si mimi, Bi Wanda. Mimi nina mitatu. Mmoja waliuweka juu ya kitanda cha mke wangu."

Wanda aligeuka kuitazama njia iliyorudi kwenye kizimba, na taa za watu zilizokuwa zinafifia huko. Mmoja wao, au mtu aliyekuwa juu akingoja, alikuwa na chapa ile. Lakini hilo lingengoja, kwa sababu kitu alichokisema Brzoza kilikuwa kimemkwama kichwani.

"Umesema mkataba wa kuvipima. Mkataba ule si wa Otylia peke yake."

Brzoza alifumba macho.

"Migodi mingapi?"

"Minne. Huu, na Kinga, na Anzelm, na Walburga. Kamati ya kuithibitisha kazi yao ilikuwa na mtu mmoja. Mimi."

"Na huko vimepimwa?"

Brzoza alitikisa kichwa. Wanda alitazama saa yake: saa nne na dakika ishirini asubuhi. Zamu ya asubuhi ilikuwa chini katika migodi yote minne.

Alinyakua simu. Chumba cha mawasiliano cha Otylia kilimwunganisha. Huko Kinga aliyepokea alikuwa mwanamke. Alisikiliza maneno manne, akasema "Nazima," akakata. Anzelm walimwuliza jina lake, wakamwuliza tena, wakasema wanazima. Huko Walburga alipokea mwanamume mwenye sauti ya uchovu.

"Idara ya Uadilifu? Dada, nina watu mia moja na tisini chini na vipima-gesi vyangu vyote vinasoma kijani. Nisimamishe mgodi kwa sababu ya mtu wa mafunzo? Niletee amri ya mkurugenzi."

"Mkurugenzi hatapatikana kwa wakati. Kijani hicho ni cha uongo."

"Nani anasema?"

Wanda alimsogezea Brzoza simu. Mhandisi alirudisha kichwa nyuma mpaka helmeti ikagonga mwamba.

"Nikisema hapo, inarekodiwa," alisema.

"Inarekodiwa."

"Watajua ni mimi. Wale. Wataijua sauti yangu."

"Watajua," alisema Wanda. Hakuweza kumwahidi kitu, wala hakujaribu. Aliendelea kuishika simu mbele ya uso wake.

Ginter alikuwa ameinuka kutoka relini. Hakumgusa mhandisi. Alisimama tu mbele yake, uso mweusi, mikono imening'inia.

Brzoza aliipokea simu.

"Walburga," alisema, na sauti ikamkatika. Akajaribu tena. "Walburga, ni mimi Alojzy Brzoza, mkuu wa hewa wa Otylia. Vyeti vya vipima-gesi vyenu nilivitia sahihi mimi. Havikupimwa. Hata kimoja hakikupimwa. Zima umeme, utoe watu."

Upande wa pili wakasikia, mbali, king'ora kikianza kulia, na kiti kikivutwa, na kalamu ikibonyezwa.

"Rudia, mhandisi," ilisema ile sauti ya uchovu. "Polepole. Ninaandika."